Bomba la Bi Pimbi na Sauti ya Aibu

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na kiu.
Kiu ya nani?
Ya kila mwenye koo.

Haya. Aliyekuja kusinzia akasinzie kwao, wengine sogeeni.

Palikuwa na kiangazi, na kiangazi chenyewe hakikuwa cha mchezo. Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu, na maji yote ya bonde yakabaki katika dimbwi moja, dimbwi la Kiboko. Nasema dimbwi la Kiboko kwa sababu Kiboko mwenyewe ndivyo alivyosema, na kwa mwili ule nani wa kumbishia? Alijilaza mle tumbo chini, macho juu, na kila aliyekuja na mtungi aliulizwa neno lilelile: "Umeniletea nini?" Ukileta tita la matembele, unateka. Usipoleta, unarudi na mtungi wako unalia ko, ko, ko.

Sasa Bi Pimbi. Kiumbe mdogo, mkia hana, ila mdomo anao. Alikuwa na watoto wake kwenye majabali, na chini ya majabali bustani ya mchicha, ndogo kama mkeka. Akimpa Kiboko mchicha apate maji, watoto wanalala njaa. Asipompa, mchicha unakauka, watoto wanalala njaa vilevile. Akaona njia zote mbili zinakwenda njaani, akaamua kutafuta ya tatu.

Akaenda kwenye kona ya mto mkavu, juu kidogo ya dimbwi, akachimba. Chaka, chaka, chaka, mchanga ukawa wa baridi. Chaka, chaka, chaka, mchanga ukalowa. Maji akayaona, lakini yako chini mno, mtungi hauyafikii. Basi akachukua mwanzi mrefu akautoboa mafundo. Akachukua ubao akaulaza juu ya gogo, ukawa unapanda na kushuka. Akaokota kandambili iliyotupwa na wapita njia, akaikata duara, akaitia ndani ya mwanzi ivute maji. Kisha akapanda juu ya ubao, akakanyaga.

Maji yakaja. Chwaa! Yakaingia mferejini, yakateremka mpaka kwenye mchicha. Bi Pimbi akacheza palepale, peke yake, bila ngoma.

Lakini palikuwa na jambo. Kila ubao uliposhuka, ile kandambili ilisugua mwanzi, na bomba likatoa sauti. Sauti gani? Prrruuut. Ndiyo, hiyohiyo mnayoifikiria. Msinitazame hivyo, wote mna matumbo.

Bi Pimbi hakuijali. Akaliita bonde zima, akawaambia waje, maji yapo karibu, maji ni ya bure, na ndani yake hakulala Kiboko. Wakaja mbio. Wa kwanza kupanda ubaoni alikuwa Bi Digidigi, mke wa harusi ya juzi tu, macho makubwa na haya kubwa kuliko macho. Na nyuma yake kasimama nani? Baba mkwe wake, na fimbo yake na kofia yake. Bi Digidigi akakanyaga. Maji yakafanya chwaa. Bomba likafanya prrruuut.

Baba mkwe akainua uso kutazama mawingu, na wakati ule wingu halikuwepo hata moja. Ngiri akabana pua. Bi Digidigi akaruka chini, mtungi akauacha, akatokomea vichakani.

Bi Pimbi akaeleza. Akasema lile si tumbo la mtu, ni kandambili. Akaufungua mwanzi, akawaonyesha, akaufunga, akaeleza tena. Wakatikisa vichwa, wakasema wameelewa kabisa, na kwamba amebuni kitu kikubwa, Mungu amzidishie. Halafu wakafunga matita yao wakaenda kwa Kiboko.

Kiboko alicheka mpaka dimbwi likamwagika kingoni. Akatangaza kwamba bomba la Bi Pimbi limekula kiporo cha maharage, na kwa kuwa watu sasa hawana pa kwenda, kila tita liongezwe unene.

Bi Digidigi alipokuja kwa kunyata kuchukua mtungi wake, Bi Pimbi akamshika.

"Mwenzangu, hebu niambie. Maji si matamu?"

"Matamu, dada."

"Si karibu?"

"Karibu."

"Si bure?"

"Bure, dada. Lakini baba mkwe nitamtazama na uso gani? Kiu nitaizoea."

Bi Pimbi alitaka kumtukana, akalimeza tusi. Akaenda kuketi juu ya jabali linalotazama dimbwi, hasira zimemjaa mpaka masharubu yanatetemeka. Maji anayo. Akili ya kuyatoa anayo. Lakini mfereji mmoja wa mtu mmoja, Kiboko akiamua kuja kuuziba, nani atasimama naye?

Huko chini Kiboko alikuwa amekwisha shiba matembele ya watu. Akajinyoosha. Akajigeuza. Akaachia mshindo.

Mbuuuuu.

Maji yakatoka mapovu, ndege wakaruka matawini. Na wale waliopanga foleni na mitungi yao wakafanyaje? Wakainamisha vichwa. Baba mkwe wa Bi Digidigi akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa amekohoa." Na wenzake wakaitikia, "Akohoe tena."

Bi Pimbi akasimama, manyoya yamemsimama. Kumbe! Kumbe bonde hili halina ugomvi na sauti. Linauliza kwanza sauti imetoka kwa nani.

Akashuka jabali mbiombio. Akatafuta kibuyu kinene, akakikata shingo, akakifunga kwenye mdomo wa bomba. Akakanyaga kujaribu. Mbuu. Ndogo, maana yeye mwepesi, lakini ina heshima zake. Akamfuata Bi Digidigi, akamwomba jambo moja tu: kukanyaga hatakanyaga, ila akisikia mbuu, apige kigelegele. Bi Digidigi akasema hilo analiweza, alipigiwa vingi juzi.

Kisha Bi Pimbi akaenda dimbwini, kajikunja, sauti kaitia asali.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Nimeleta ombi. Kesho usipite kule kwenye kona ya mto."

"Kwa nini nisipite? Kona ya mama yako?"

"Kuna baragumu la kutawazia pale. Linakanyagwa, na linamlilia mwenye uzito wa kweli peke yake. Tumemwita Tembo. Sasa wewe ukija, ukakanyaga, likakataa kulia mbele za watu... Mimi nakuonea huruma tu, Mheshimiwa."

Kiboko alikwisha toka majini, hata kujikung'uta hakujikung'uta. "Tembo? Yule anayeburuta pua chini kama kamba ya mbuzi?"

Kulipokucha akawa wa kwanza kufika. Bonde zima lilikuja kutazama. Akapanda ubaoni, akakanyaga.

Mbuuuuuu! Ardhi ikatetemeka. Maji yakaruka chwaaaa! Bi Digidigi akapiga kigelegele, kwanza chembamba cha woga, kisha kikafunguka: alililili! Na wengine wakadakia. Kiboko akavimba shingo. Akakanyaga tena. Bomba mbuuu, maji chwaa, watu alililili. Akakanyaga tena. Mbuuu, chwaa, alililili. Mfereji ukafurika, mitungi ikajaa, na aliyekuja na tita alirudi nalo nyumbani akalipika.

Ikawa ndiyo kazi yake. Jua likichomoza, Kiboko yuko ubaoni. Jua likizama, Kiboko yuko ubaoni. Mchicha ukarefuka, bamia zikachanua, watoto wa Bi Pimbi wakawa na matumbo kama ngoma. Na Kiboko alipoteremka kupumua, mjue walianza kusukumana: kila mmoja anataka mbuu yake iitwe baragumu. Hata baba mkwe alipanda, akatoa mbuu moja nyembamba, akashuka amejitanua kama mtu aliyepewa jimbo.

Sasa kuna neno ambalo Bi Pimbi alilijua tangu alipochimba, na hakulisema kwa sababu hakuulizwa. Maji ya kona na maji ya dimbwi ni mkondo mmoja, unapita chini ya mchanga. Kila Kiboko alipokanyaga, alilikausha dimbwi lake mwenyewe.

Siku moja Kiboko akaenda kuoga, akakuta matope na kambare wanahema.

Alirudi akinguruma, tope limemkauka mgongoni linapasuka vipandevipande. Watu wakatawanyika nyuma ya vichaka. Bi Pimbi alibaki mbele ya bomba. Bomba likivunjwa mchicha umekwisha, na mchicha ukiisha watoto wamekwisha.

"Nani ameiba maji yangu?"

"Hakuna aliyeiba, Mheshimiwa. Uliyatoa kwa miguu yako, nasi tukakushangilia."

Kiboko akanyanyua mguu. Safari hii haukuwa mguu wa kukanyaga, ulikuwa wa kuponda. Bi Pimbi akafumba macho. Mguu ukashuka na uzito wote wa mwili ule juu ya ubao. Ubao ukapinda, ukalia krrr, ukakataa kuvunjika. Na bomba likatoa sauti ambayo bonde lile lilikuwa halijaisikia.

Mbuuuuuuuuuuu.

Kisha nyuma ya kichaka, palepale ubavuni mwa baba mkwe wake, Bi Digidigi akapasua: "Alililililili!" Na baba mkwe akavua kofia.

Kiboko akatulia. Masikio yake madogo yakazunguka huku, yakazunguka huku.

"Hiyo," akauliza polepole, "imeizidi ya jana?"

"Imezizidi zote, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi.

Kiboko akanyanyua mguu wa pili.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, nirudishieni chungu changu nikaoshe.

Na funzo lake ni hili, mlishike: kitu kikiwa na faida, watu wenye akili watakitumia tu, hakihitaji kupambwa wala wao kubembelezwa. Mambo ya kusifiwa ni ya wajinga kama Kiboko. Mtu mzima sifa hazimwingii.

Haya, mbona mmenyamaza? Vigelegele vyangu viko wapi?