Neno Moja la Jenerali

Jamani, hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi nikiwa nakunywa chai, na hiyo chai mpaka sasa ipo mezani imepoa. Kama una cheo chochote, hata cha mwenyekiti wa mtaa, usiipite. Isome mpaka chini ndipo uitume kwa mwingine.

Paliondokea Jenerali mmoja, jina lake Kihwelo. Nchi yake ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe mpaka watu wakasahau ugomvi ulianzia wapi. Huyu Kihwelo hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na ndoto yake: kila kijiji kilichokimbiwa kitolewe mabomu yaliyofukiwa ardhini, wenyewe warudi, walime, watoto wasome. Ramani ya ndoto hiyo aliibandika ukutani ofisini kwake. Kijiji kikiwa tayari, anakipaka rangi ya kijani.

Sasa, adui alikuwa anasikiliza redio zao, kwa hiyo jeshi lile lilizoea kusema kwa mkato. Jenerali akitaka kijiji kitolewe mabomu, alitaja jina la kijiji na neno moja tu: "Safisha."

Chini yake alikuwepo Kanali Mapunda, askari wa kazi hasa. Huyo tangu avae gwanda hajawahi kuuliza swali. Akiambiwa "safisha", anajibu "Ndiyo, afande!", anazima redio ili asibadilishiwe amri njiani, huyo anaondoka. Jioni anaripoti: "Kijiji kisafi, afande." Jenerali anachukua kalamu yake ya kijani. Nishani alizovishwa Mapunda mpaka kifua kikakosa nafasi.

Jambo moja tu lilimsumbua Jenerali. Vijiji vinasafishwa, lakini watu hawarudi.

"Wananchi wetu waoga sana," alikuwa akisema, anatikisa kichwa.

Ukafika wakati wa Jenerali kustaafu, na kila mtu alijua kiti ni cha Mapunda. Vilikuwa vimebaki vijiji viwili, na huko watu walishaanza kurudi wenyewe bila kungoja mtu. Cha kwanza, Mlowela, Jenerali akampa Mapunda. Kitongo, cha jirani, akampa Kanali Nyamizi, mwanamama aliyeletwa mstari wa mbele juzi tu kutoka hospitali ya jeshi. Askari wake wengi walikuwa wamehamishwa kutoka kwa Mapunda.

"Tunakwenda kusafisha Kitongo," Nyamizi akawaambia. "Jiandaeni."

Alitegemea kuwaona wakibeba vifaa vya kutegulia mabomu. Akawaona wanajaza risasi kwenye bunduki.

"Nyie, mnafanya nini?"

"Tunajiandaa kusafisha, afande," sajini akamjibu, tena kwa adabu zote. "Leo tunaanza na wanaume, au na akina mama na watoto?"

Mungu wangu! Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nyamizi mwenyewe alikimbilia garini. Kisha akaivamia redio.

"Jenerali, afande, naomba kuuliza. Kusafisha maana yake nini?"

Makao makuu waliosikia walishika midomo. Katika jeshi lile amri haikuwa na mjadala, na huyu mgeni anamuuliza mkuu wa majeshi maana ya neno!

"Kanali, umelewa?" Jenerali akafoka. "Kusafisha ni kutoa mabomu! Kuna maana gani nyingine?"

"Askari hapa wanasema ni kuua watu, afande. Wanasema ndivyo walivyokuwa wakifanya kwa Kanali Mapunda."

Jenerali akapiga kelele ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake: "Mpateni Mapunda! Mpateni sasa hivi!"

Redio ya Mapunda ilikuwa imezimwa, kama kawaida yake.

Ndugu yangu, Jenerali alitoka mbio, viatu havijafungwa kamba. Akamkuta Nyamizi njia panda ya Mlowela naye anakimbiza gari, wakaingia kijijini pamoja. Watu walikuwa wamekalishwa chini, migongo ukutani mwa shule. Mbele yao askari wamepanga mstari, bunduki mabegani. Mapunda ameinua mkono.

"Shusheni silaha!" Jenerali akapaza sauti.

Zikashuka. Mapunda akageuka, akapiga saluti, haelewi kitu.

Bibi mmoja akanyanyuka pale ukutani, ufagio bado uko mkononi.

"Mwanangu," akamwambia Jenerali, "hawa walisema wamekuja kusafisha. Tukaona aibu wageni watukute na uchafu, tukafagia kijiji kizima, tukafyeka mpaka makaburini. Hebu nionyeshe wewe, uchafu uliobaki ni upi?"

Jenerali akamgeukia Mapunda.

"Nani alikwambia uue watu?"

"Wewe, afande."

"Mimi?"

"Ulisema safisha. Kijiji cha kwanza kabisa nilikuta wazee na wagonjwa walioshindwa kukimbia. Nikasafisha, nikakuripotia, ukanivisha nishani. Nikajua nimepatia, na kote kulikofuata nikasafisha kila niliyemkuta." Wala hakuwa anajitetea. Alikuwa anaeleza kama mtu anayeelekeza njia.

"Kwa hiyo vile vijiji vya kijani kwenye ramani..."

"Vyote visafi, afande."

Jenerali aliketi chini kwenye vumbi, mtu mzima na nyota zake mabegani, mbele ya askari wake. Ndipo alipojua kwa nini watu hawarudi.

Nyamizi akamsogelea. "Afande, muda wote huo, hata siku moja hukwenda kuangalia?"

"Nilikuwa naangalia ramani," akasema.

Maji yalikuwa yameshamwagika. Jenerali akasimama, akamkabidhi Nyamizi fimbo yake ya uongozi.

"Jeshi ni lako," akamwambia. "Na amri yako ya kwanza unaijua."

Nyamizi alilia, halafu akafuta machozi, akatoa amri. Kanali Mapunda na Jenerali Kihwelo wawekwe chini ya ulinzi, wapelekwe mahakamani pamoja. Na kuanzia siku hiyo neno "safisha" lisisikike tena redioni. Mkubwa akitaka kitu aseme wazi anataka nini, na jioni aende mwenyewe akaone kilichofanyika.

Wakapandishwa nyuma ya lori moja. Njiani Mapunda aliinama, akauliza swali la kwanza tangu avae gwanda.

"Afande, kwani mimi nilikosea wapi?"

"Hukuuliza," Jenerali akajibu.

"Na wewe?"

Lori likaendelea kwenda. Jenerali alikuwa anatazama kijiji kimoja cha kijani kando ya barabara, milango yote iko wazi na hakuna hata kuku.

"Mimi pia," akasema.

Funzo: Kazi bila utu ni mauaji, na ndoto ya kiongozi asiyekwenda kuona kwa macho yake huwafikia watu kama risasi. Ukiambiwa "kazi imekwisha", kabla hujatoa nishani nenda uangalie nani amebaki hai.