Siku Fisi Alipobandikwa Kibao

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Ina matope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Mniwie radhi, jamaa. Hadithi hii aliijua vizuri shangazi yangu. Mimi naijua kama mlevi anavyoijua njia ya kwao: nitafika, ila msiniulize nimepitia wapi.

Palikuwa na pimbi, jina lake Kidawa, mdogo kama kiatu. Mama yake, Bi Mwanamvua, alisuka mkeka wa ukindu, mwekundu na mweusi, akasema, "Mwanangu, mtanizika na huu." Ndiyo desturi ya pimbi. Kila mama husuka wake, na anayezikwa bila mkeka ni kama hakuwa na kwao.

Basi Fisi alikuwa mkuu wa Jumba la Sanaa mjini. Aliona ngoma ya Nyani, akasema, "Hii ni sanaa!" Akabeba. Aliona kigoda cha Kobe, akasema, "Hii ni sanaa!" Akabeba. Aliona mkeka wa Bi Mwanamvua, mwenyewe mgonjwa kalala kando yake. "Hii ni sanaa!" Akabeba.

Asubuhi moja Bi Mwanamvua akafariki. Kaburi likachimbwa. Kidawa akatoka mbio, ta-ta-ta-ta, mpaka mjini, maana maziko yalikuwa kabla ya jua kuzama.

Ndani ya Jumba, kimya, jii. Wageni wananong'ona, mikono nyuma. Mkeka umetundikwa ukutani, na chini yake kibao chembamba kimebandikwa kwa gundi: "Ukindu. Msukaji hajulikani."

Kidawa akasoma. Akasoma tena. Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mama amefariki. Naomba mkeka wake, tumzike."

"Pole sana," Fisi akasema, huku anatafuna. "Mzikeni na majani. Sheria yangu haina msiba: chenye kibao ni sanaa, hakiguswi, hakisogei. Kisicho na kibao ni takataka. Ngiri, fagia!"

Ngiri mfagiaji akapita, fya! fya! fya! Kofia ya mgeni mmoja, iliyoanguka tu, ikafagiliwa mpaka nje.

Kidawa akaitazama kofia ikienda. Akafuta machozi.

"Basi Mheshimiwa, waeleze wageni uzuri wake. Nami nisikie."

Fisi alipenda kusikilizwa. Akawageukia wageni, mgongo kwa Kidawa, kifua mbele. Kidawa akakibandua kibao, bandu! Akakipachika kwenye tako la Fisi, nda!

Ngiri akarudi. Fya! fya! Akautazama mkeka. Hauna kibao. Akautungua, akautupa uani.

"Wewe!" Fisi akafoka, akataka kumkimbilia. Korongo, mlinzi wa Jumba, akamzuia kwa bawa.

"Usisogee. Una kibao."

"Mimi ndiye mkuu!"

"Mkuu ndiye aliyetunga sheria, Mheshimiwa. Chenye kibao hakisogei."

Wageni wakasogea, wakasoma. "Loo! Kumbe ni ukindu!"

"Ona meno yalivyosukwa!"

"Msukaji hajulikani, masikini. Fundi kama huyu!"

Fisi akalia kwa hasira. Wakampigia makofi.

Kule kwao, jua likiwa juu ya kilima, Kidawa akautandika mkeka. Wakamlaza mama. Hakuna aliyecheka. Kidawa akainama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Msukaji ni Bi Mwanamvua." Wakafukia.

Funzo la hadithi, watoto: mkienda kwenye jumba la sanaa, msiguse kitu, na mheshimuni sana mkuu wake.

Hadithi inaondoka!
— Isisahau viatu!

Mnauliza Fisi alitokaje? Angetoka siku ile ile, gundi yenyewe ilikuwa dhaifu. Ila kuna mgeni mmoja juha aliyesimama mbele yake mpaka Jumba likafungwa, anawaita wenzake, "Njooni, njooni muone ukindu!" Kila kibao kilipoanguka, alikiokota akakirudishia.

Basi jamaa, ile kofia iliyofagiliwa, nani ameiona? Ni yangu.