Makoti Matano Vitini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ajira zao (msinicheke, leo nimechoka), palikuwa na ofisi ndogo ya kugawa maji. Mafaili yote yalikaa kwenye kompyuta kuu moja, na kila mfanyakazi aliyafungua kutoka mezani kwake.

Siku hiyo Pimbi, karani mdogo kuliko wote, alitaka kutoa orodha ya wanyama wa majabalini. Bila orodha hiyo, boza la maji lingeondoka saa sita bila kupita kwao, na wanawe walikuwa siku ya pili hawajanywa kitu.

Akabonyeza. Ti! Kioo kikaandika: "Haiwezekani. Nafasi zimejaa."

Akachomoa waya, akauchomeka tena. Ti! Akazima, akawasha. Ti!

"Yarabi, nimechoka mimi!"

Akaenda kuitazama kompyuta kuu. Kumbe inapokea watano tu kwa wakati mmoja! Waliomo ni Kiboko, Nyati, Faru, Ngiri na Tembo. Lakini vitini pao palikuwa na makoti matupu. Ndiyo desturi ya ofisi ile: asubuhi unafungua mafaili, unatundika koti ili bosi ajue upo, kisha unakwenda kunywa chai mpaka jioni.

Pimbi akawafuata kantini. "Shikamooni wakubwa. Naomba mmoja wenu afunge mafaili, nipate nafasi."

"Nifunge, halafu nikirudi nisiipate?" Kiboko akanguruma, maandazi yamemjaa mdomoni. "Subiri jioni!"

"Wanangu hawafiki jioni kwa kiu."

"Shauri yako!"

Loo, moyo ulimuuma! Akajikokota mpaka mlangoni, akapiga miayo. "Haya. Bosi Simba anatafuta watu wa kusugua matangi kwa ndani. Anachukua majina ya waliomo kwenye mafaili. Kwaherini."

Puu! Viti vikaanguka. Mbio, gwa gwa gwa! Mafaili yakafungwa, makoti yakanyakuliwa.

"Pimbi mdogo wangu," Nyati akanong'ona, "akiuliza, mwambie leo sikuja kazini!"

"Na mimi!"

"Mimi pia!"

Pimbi akaingia bila taabu. Krrr, krrr, orodha ikatoka. Boza likapita majabalini, watoto wakanywa mpaka wakacheua.

Saa saba Simba akatokea kweli, na daftari la mahudhurio mkononi. "Wenzako wako wapi?"

"Wameniagiza nikwambie hawakuja, mzee."

Simba akaandika: mtoro, mtoro, mtoro, mara tano.

Basi wanangu, anayeng'ang'ania nafasi asiyoitumia humtesa mwenzake, na mwisho huikosa yeye mwenyewe. Nendeni mkacheze, niacheni nipumzike.