Binti Aliyezikwa kwa Mgomba

Sogeeni karibu, na huo mlango mtu aurudishie. Nina kesi imenishinda, nataka niwatwishe ninyi.

Kule Tukuyu, juu ya duka la mbolea, walikuwako watengeneza programu watatu, kila mmoja na kipande chake. Tumpale kazi yake kuchambua: mpe fomu, atakutolea jozi jozi, jina la kisanduku na kilichoandikwa ndani yake, na kila kisanduku kitupu anakiacha. Ambakisye kazi yake kufungasha: nafasi na alama zisizoweza kusafiri mtandaoni alizigeuza, zikafika salama. Lusajo kazi yake kuunga: alizifunga jozi kwenye uzi mmoja, akatanguliza anwani na alama ya kuuliza, kikawa kiungo cha kuiuliza hazina ya waliopotea iliyoko mtandaoni. Walijisifu kwamba fomu ileile itatoa kiungo kilekile, leo na hata milele.

Siku moja ya ukungu mzito, mchana, Bi Tusekile alipanda ngazi zao. Binti yake alipotea miaka minne nyuma, naye alikuja wamtafutie. Kijijini kwao aliyepotea hivyo huzikwa kwa mgomba unaoshushwa kaburini badala ya mwili, na jina lake huzikwa nao, halitamkwi tena. Nami silitamki. Akirudi, haingii ndani mpaka yule aliyemrudisha ampe jina jipya. Ampe mtu mmoja tu, na kabla ukungu haujainuka. La sivyo anarudi alikotoka.

Mama alijaza fomu kwa mkono wake: majina matatu yasiyotamkwa, kijiji, mwaka, kovu la goti. Kwenye tarehe ya kifo kalamu ilisimama.

"Nilizika mgomba, wanangu," akasema. "Yeye sijamzika." Akapaacha wazi.

Vijana wale walikuwa na mazoea ya kutoa kipande kimoja kimoja cha programu, waone kama kweli kinahitajika. Wakakitoa cha Tumpale. Kisanduku kitupu cha tarehe ya kifo kikaenda na utupu wake, hazina ya waliopotea ikadhani kifo kimetajwa, ikajibu: *Amezikwa.* Mama akashika meza.

Wakakirudisha, wakatoa cha Ambakisye. Majina yakakatika kwenye nafasi ya kwanza, ikaja picha ya marehemu mwingine, anacheka.

Wakatoa cha Lusajo. Jozi zikabaki zimetawanyika, kioo cha kompyuta kikabaki cheupe.

Ndipo wakaviweka vyote vitatu. Jibu: *Yuko stendi.*

Lusajo akatuma tena kuhakikisha. *Yuko sokoni.*

"Umebadilisha nini?" Tumpale akamuuliza.

"Sijagusa hata herufi, kaka. Kiungo ni kilekile."

Akatuma mara ya tatu. *Yuko kwenye ngazi.*

Wakasikia nyayo, za miguu iliyolowa. Zikaja mpaka mlangoni, zikakoma, mlango ukagongwa haraka haraka.

"Mama," sauti ikasema nje, "nimesimama sana. Naitwa nani?"

Bi Tusekile alijiziba mdomo kwa kanga asije akalitamka lile la zamani.

"Nimwite mimi," Tumpale akanong'ona. "Bila mimi angekuwa amezikwa."

"Bila mimi angekuja yule anayecheka," Ambakisye akasema. "Mngemfungulia?"

"Na bila mimi swali lisingetoka humu ndani," akasema Lusajo. "Mimi ndiye niliyemwita mara tatu."

Nikiisimulia kesi hii, hapatoki mtu wa kunisaidia bila mwingine kumpinga. Yupo anayeniambia ni mama, maana ndiye aliyepaacha wazi. Lakini mama ndiye pia aliyeushika ule mgomba, akaushusha shimoni. Mimi naogopa, nawaambieni kweli, kwa sababu anayestahili asipotamka yeye, hatabaki mtu pale nje.

Dirishani ukungu unapungua, bati la duka la ng'ambo limeanza kuonekana. Mlango umegongwa tena, safari hii polepole.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango: nani amwite?