Nani Amshikie Raya Kioo

Haya, aliye mbali asogee, na anayetafuna karanga atafune polepole. Hadithi hii mwishoni ina kazi, na kazi yenyewe ni yenu. Mimi nasimulia, ninyi mnahukumu. Msije mkanikodolea macho kana kwamba sikuwaambia mapema.

Hapo zamani, katika mji wa Kilimawe, palikuwa na msichana aliyeitwa Raya. Raya alikuwa mweusi. Nasema mweusi hasa, ule weusi unaong'aa ukipakwa mafuta ya nazi mpaka wenye macho yao wanasahau walikokuwa wanakwenda. Nywele alikuwa nazo nyingi, hata msusi alianza asubuhi akamaliza adhuhuri huku analalamikia mgongo. Akachumbiwa na kijana wa jirani, Makame, aliyempenda vile vile alivyo. Neno hilo lishikeni, maana Raya mwenyewe hakulishika.

Sasa sikieni desturi ya mji ule. Bi harusi hutiwa ndani siku saba. Asubuhi na jioni husingwa, yaani husuguliwa mwili, kwa singo ya unga wa liwa, karafuu na mawaridi, na nywele hufukizwa udi. Siku zote hizo haangalii kioo. Kioo hutolewa chumbani kabisa. Siku ya saba mwanamke mmoja, mmoja tu, huingia nacho akamshikia ajione, na bi harusi ndiye anayemtaja: fulani ndiye aliyenipamba. Asiposhikiwa kioo, hatoki. Na tuzo ya mshika kioo ni hii: mtoto wa kike wa kwanza wa bi harusi hupewa jina lake.

Raya alikuwa na wanawake watatu. Wa kwanza somo yake, mlezi wake wa mambo ya ndoa, Bi Mize, aliyewatoa mabibi harusi wa mji mzima lakini yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Wa pili shangazi yake, Asaa, mjane wa baharia, aliyezunguka na mumewe bandari baada ya bandari akarudi na kasha zima la vipodozi. Wa tatu wifi yake, Mwatima, dada wa pekee wa Makame. Huyo mdomo ulitangulia, yeye akafuata nyuma.

Mambo yalianza siku ya posa. Mwatima akasema kwa utani, "Wifi, kaka yangu anapenda weupe, sijui utajisugua mpaka lini!" Watu wakacheka. Raya naye akacheka, lakini lile neno likamwingia likakaa.

Siku moja kabla ya kutiwa ndani, alitumwa marashi kwa shangazi. Akafungua kasha. Chini kabisa, nyuma ya chupa, akaona kikopo cha mkorogo, ule wa kuchubua ngozi, kimetumika nusu. Akakifunga kwenye pindo la kanga. Ndiyo, aliiba! Msinikatize.

Siku ya kwanza jioni Bi Mize akamsinga, akaenda kuswali magharibi. Raya akatoa kikopo, akajipaka usoni. Kikamwasha. Siku ya pili Bi Mize akamsinga, akaenda kuswali. Raya akajipaka. Kikamwasha zaidi. Siku ya tatu, singo ilipomgusa tu, akaguna.

"Inawasha, somo."

"Singo ikiwasha ndiyo imeshika, mwanangu. Tulia."

Raya akatulia, tena kwa furaha, kwani alijua nini kingine kilichoshika. Angekuwa na kioo ukutani angejiona siku ya pili akaacha. Hakuwa nacho. Na macho ya Bi Mize yalishaanza kuingia ukungu, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ya nne Mwatima akaja na kikapu cha asumini. Akaingia, akamwangalia, kikapu kikamponyoka.

"Wifi! Uso wako!"

"Umekuwa mweupe?" Raya akauliza, anatabasamu.

Mwatima akajiziba mdomo kwa kanga. Mwatima! Alijua kuwa mwanamke anayemwingizia mwari, yule bi harusi aliyetiwa ndani, kioo kabla ya siku ya saba hakanyagi harusi hiyo, na hii ilikuwa harusi ya kaka yake wa pekee. Akatoka. Akarudi na kioo chini ya kanga. "Jitazame," akasema.

Raya akajitazama. Chini ya macho ngozi imechubuka, mashavu yamevimba mekundu, paji la uso limetoka mabaka. Alipiga ukelele mpaka waliokuwa jikoni wakaacha wali ukaungua.

Bi Mize akaja mbio. Akaona kioo, akafungua kinywa kugomba. Kisha akasogeza uso wake karibu kabisa na uso wa Raya, akanusa mkorogo, akakifumba kile kinywa. Akawageukia wanawake mlangoni. "Miaka thelathini nawasinga wanawake wa mji huu. Huyu kaungua mikononi mwangu, na sikuona. Macho yangu yamekwisha, nikaona haya kusema."

Akaimwaga singo yote jaani. Siku tatu hakulala. Alimwosha kwa maji baridi, akampaka utomvu wa mshubiri, akasaga liwa tupu kwa maji ya mawaridi, akampepea kwa upepeo kwa mkono wa kulia, ukichoka wa kushoto. Siku ya sita moto ukaisha na ngozi ikafunga. Mabaka yakabaki.

Raya akajifunika gubigubi. "Sitoki. Mwambieni Makame aoe mwingine mwenye uso."

Ndipo Shangazi Asaa alipoingia na kasha lake, akafunga mlango, akamwaga vyote mkekani.

"Mafuta haya wanajipaka Waarabu wa magharibi, yanakamuliwa kutoka kokwa. Siagi hii ya Waafrika wenzetu wa kule mbali, ya mti. Nimewaona wanaojipaka udongo mwekundu na samli mwili mzima wakapendeza. Nimewaona wanaoosha nywele kwa maji ya mchele, wanaojipaka unga wa magome ya mti mashavuni. Na nimewaona weupe, mwanangu, wanalala juani nusu uchi, wanageuzwa upande huu na huu kama mahindi ya kuchoma, wanatafuta rangi ambayo wewe umezaliwa nayo!"

Raya hakutaka kucheka. Akacheka.

"Sasa nipe maji hayo ya mtungini," Asaa akasema. Akanawa uso. Mji mzima ulimjua Asaa na poda yake. Hakuna aliyemwona bila poda. Poda ikatoka. Mashavuni mabaka, chini ya macho mabaka, ya miaka na miaka.

"Kikopo ulichoiba ni changu, Raya. Na mume wangu hakuniomba weupe hata siku moja."

"Mbona hukukitupa, shangazi?"

"Niliona haya hata kukitupa. Nilihisi wapita njia watakijua."

Raya akamshika uso kwa mikono yote miwili. Akalia, wakalia. Kisha akajifuta. "Kesho natoka. Na poda sipaki."

Siku ya saba ikafika. Nywele zimesukwa zimetiwa asumini. Mikono imepakwa hina na piko mpaka kwenye viwiko, bado mbichi. Ngoma imefika pembeni mwa nyumba. Kioo kimeegemezwa mlangoni, kimefunikwa kanga.

"Mtaje," Bi Mize akasema. Papo hapo akaongeza, "Mimi niliuponya uso huu. Usiponitaja, mji utasema Bi Mize alimuunguza mwari akafukuzwa, na jina langu litakufa nami. Sina mtoto wa kulibeba."

Shangazi Asaa akasema, uso mtupu, amesimama wima, "Uso uliponywa, na bado wewe uligoma kutoka. Nani alikuinua? Nimevua poda ya miaka yote mbele yako. Leo natoka hivi hivi kati ya watu. Nitoke nimeshika kioo, au nitoke wanicheke?"

Mwatima alikuwa nje, chini ya dirisha, maana amekatazwa kuingia. Akapaza sauti, "Wifi! Bila mimi ungejipaka mpaka leo, na leo kusingekuwa na uso wa kuponya wala wa kuinua. Ukinitaja, wataniruhusu niingie nimwone kaka yangu anaoa. Usiponitaja, nitasikiliza vigelegele kwa jirani."

Raya akawaangalia. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomtatiza. Mwatima alimfumbua macho, lakini ndiye aliyetupa lile neno la weupe. Asaa alimpa moyo, lakini kikopo kilitoka kwenye kasha lake. Bi Mize alimponya, lakini alificha upofu wake, na maumivu akayaita dawa. Kila mmoja alitengeneza pale pale alipoharibu. Na Raya mwenyewe, aliyejipaka kwa kidole chake, hakuwa na wa kumlaumu.

Msiniambie akishike mwenyewe. Mikono ina hina mbichi. Msiniambie atazaa mabinti watatu. Jina ni la wa kwanza. Na msiniambie watashika wote. Mlango wa chumba kile ni mwembamba na desturi inasema mmoja.

Ngoma imefika kizingitini. Raya ameinua uso wake pamoja na mabaka yake, na haoni haya. Amefungua kinywa kutaja jina.

Je, nani alistahili? Anza wewe hapo nyuma, uliyepakaa poda.