Sweta la Kompyuta

Ukifunika kwa penzi, acha tundu.

Bibi Atuganile aliyatoa maneno hayo kwa jirani yake, ambaye tangu chai ya asubuhi alikuwa akimpigia simu binti yake aliyeolewa juzi, kumuuliza kama amekula. Jirani alicheka kwa haya, akaiweka simu chini. Wajukuu waliokuwa wakimenya ndizi pale jikoni wakataka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hawakuwahi kuisikia.

"Hamkuisikia kwa sababu bado changa," Bibi alisema. "Msidhani methali zote tumeachiwa na waliokufa. Nyingine zimezaliwa sisi tukiangalia. Methali hii ilianza hivi."

Hapa hapa Tukuyu, mahali ambapo mvua haipiti njia bali ina makazi, alikuwapo msichana aitwaye Subilaga, akiishi na mama yake, Tumpe. Tumpe alikuwa mfumaji wa masweta ya wanafunzi, na katika nyumba yake hakukuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai ilikuwa na koti lake, na viti vyote vilivaa vitambaa mabegani. Mtu akimtania, alijibu, "Baridi haichagui."

Subilaga yeye alikuwa mchoraji. Alikuwa amechora filamu ya msichana anayepanda mlima ndani ya ukungu, na kila nyumba anayoigusa inawaka taa. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimeahidi kumsomesha bure atakayepeleka filamu nzuri kuliko zote, mradi iwafikie kabla ya Ijumaa kuisha. Mjomba wake akamnunulia kompyuta mpakato mpya kwa kazi hiyo.

Ilipofika nyumbani, Tumpe aliipapasa kama anavyopapaswa mtoto mchanga.

"Mbona ya baridi hivi?" aliuliza. Akaipima kwa uzi, na kesho yake kompyuta ilikuwa imevaa sweta la sufu ya buluu, limeikumbatia tumbo na mbavu, likaacha wazi kioo na vitufe tu. Subilaga aliliona, machozi yakamlengalenga.

Siku za mwanzo, alipokuwa akipanga michoro tu, kompyuta ilikwenda vizuri. Lakini kila alipoiamuru iiunganishe michoro kuwa filamu, feni yake ilivuma kama nyuki ndani ya mzinga, kisha kazi ikapooza. Yule msichana wa kwenye kioo alianza kutembea kama atembeaye usingizini: hatua moja, kimya kirefu, hatua nyingine. Nje ukungu ulikuwa ukipita dirishani polepole vile vile, na Subilaga aliyekuwa akimtazama alisinzia naye, asijue ni nani anamwota mwenzake.

Alijaribu alichokijua. Alizifunga programu zote zisizohitajika. Alitafuta virusi, hakuviona. Aliizima, akaiwasha. Alibadili mipangilio ili mashine itumie nguvu zake zote, ndipo mambo yakaharibika zaidi. Alhamisi asubuhi akampigia Ipyana, aliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa fundi wa kompyuta Mbeya mjini.

"Fungua ile programu ya kupima joto," Ipyana alisema. "Inasomaje?"

"Tisini na saba."

"Uwii! Hiyo si kompyuta, dada, hilo ni jiko. Prosesa, ule ubongo wake, ikipata joto namna hiyo hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Haijafa, inajiokoa. Umeiweka juu ya nini?"

"Mezani."

"Meza tupu?"

Subilaga akalitazama sweta.

"Subi, mbona kimya? Usiniambie iko kitandani."

"Imevaa sweta," Subilaga alinong'ona.

Ipyana alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Sweta! Na soksi je? Ivue, dada yangu. Chini na ubavuni kuna matundu, ndiyo pua zake hizo."

Subilaga aliivua. Joto likashuka, feni ikatulia, na yule msichana wa filamu akaamka, akapanda mlima mbio. Lakini mara zikasikika ndala za mama barazani, na mkono wa Subilaga, kabla hajauamuru, ukairudishia kompyuta sweta lake.

Siku nzima ikapita hivyo. Mama akiwa mbali, sweta lilitoka. Mama akija na uji, sweta lilirudi. Tumpe alilipapasa kila alipopita, akaridhika, na msichana wa filamu akarudi usingizini. Hadi giza linaingia, filamu haikuwa imefika hata nusu, na usiku nao mama alikuja kila mara kumfunika blanketi. Subilaga aliona wazi kwamba kwa mwendo ule Ijumaa ingemponyoka, na chuo nacho. Lakini kila alipofungua kinywa aliviona vidole vya mama yake vikizunguka na uzi ule wa buluu, akakifunga.

Ijumaa asubuhi Tumpe aliingia na chai, na kompyuta ilikuwa imevaa. Subilaga aliweka kiganja juu ya sweta.

"Mama, nina neno, ila naogopa kulisema."

"Sema, mwanangu. Neno halina pembe."

"Sweta linaiziba pumzi. Ndiyo maana filamu haimaliziki."

Tumpe aliweka kikombe chini. Akapitisha mkono chini ya kompyuta, akauondoa upesi.

"Yuu! Ina homa hii. Umelijua lini?"

"Jana."

"Ukakaa kimya siku nzima?"

"Umelifuma vizuri sana, mama. Nilidhani nikilivua utaona nimekuvua wewe."

Tumpe alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akautazama ukungu wa dirishani kama mtu anayetafuta njia ndani yake.

"Nilisema kompyuta inaona baridi," alisema. "Kumbe mwenye baridi ni mimi. Ukishinda, utaondoka, na mimi hapa nitamvisha nani?"

Akaivua kompyuta kwa mikono yake mwenyewe. Akaweka vibao viwili chini yake ili upepo upite, akalikunja sweta mapajani.

"Hata shali la mtoto mchanga hufumwa lenye matundu," alisema. "Ukifunika kwa penzi, acha tundu. Nimewafumia watoto wa watu miaka yote hii nikilijua hilo. Kwa wangu nikasahau. Haya, fanya kazi, mwanangu. Uji nitakuletea, lakini nitabisha hodi."

Filamu ilikamilika mchana, ikatumwa, na chuo kikamwita Subilaga. Asubuhi ya safari Tumpe alisimama mlangoni akiwa na masweta matatu mkononi. Akamtazama binti yake, akayatazama masweta, akampa moja, naye akalivaa. Alitaka kumfunga vifungo, mikono ikafika shingoni, ikarudi.

"Utajifunga mwenyewe ukiona baridi," alisema.

Subilaga akashika njia, ukungu ukampokea. Majirani waliokuja kumliwaza Tumpe waliambiwa kisa chote, wakayabeba maneno yake hadi makwao, na kwa namna hiyo yakaenea: ukifunika kwa penzi, acha tundu.