Kiti Kimoja cha Uzamivu

Hadhirina watukufu, wenye mvi na wenye meno ya maziwa, mlioketi mkekani na mliosimama mlangoni, nawaamkia kila mmoja kwa daraja yake. Nimewaletea kesi isiyo na hakimu. Nitegeeni masikio, kisha mnisaidie.

Katika mji mmoja wa milimani palikuwa na hospitali ya kufundishia, na humo vijana watatu wenye shahada wakimsaidia Profesa Kidunda utafiti wake. Sechambo alijaliwa mkono: chombo hakikumshinda kutengeneza. Mwantumu, muuguzi, alijaliwa ulimi: mlango uliofungwa kwa hasira aliufungua kwa salamu. Eliamani alijaliwa jicho: penye wengi kuona mistari, yeye aliona habari.

Profesa alitafuta njia ya kupunguza kifafa bila kisu wala sindano: mkondo hafifu wa umeme, wa betri ndogo, upite juu ya ngozi ya kichwa na kutuliza sehemu ya ubongo inayochachamaa. Mfadhili aliahidi kwamba jaribio la kwanza likileta matumaini, atamlipia mtu masomo ya uzamivu ili aliendeleze. Mtu mmoja, si wawili.

Kwanza ilihitajika kofia. Zile za ng'ambo zilikaa juu ya nywele zetu kama kifuniko kisicho cha sufuria yake. Hazikugusa ngozi ila pembeni, na hapo zikachoma. Sechambo akaenda kuketi kwa wasusi, akatazama vidole vyao, akarudi na kushona kofia ya kamba laini yenye sponji nyembamba za maji ya chumvi. Mvaaji akisukwa twende kilioni, ile mistari ya haraka ya kwendea msibani, sponji zililala katika njia zilizo kati ya mistari ya nywele, zikashika ngozi sawasawa, wala hakuna aliyeungua tena.

Pili alihitajika mtu wa kuivaa, na hakuna aliyekuja. Mjini ilivuma kwamba hospitali inapiga wagonjwa shoti. Mwantumu akaenda kwa Mwalimu Zubeda, aliyefundisha biolojia mpaka siku alipoanguka mbele ya darasa na wazazi wakadai aondolewe. Alimkuta akila peke yake katika sahani ya bati iliyotobolewa ukingoni kwa msumari, isije ikachanganywa na za wengine; kwani wengi pale waliamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate.

"Kichwa changu mnakitaka," Zubeda alisema, "lakini sahani yangu hamuitaki."

Mwantumu akanawa, akaketi, akamega tonge.

Wifi yake Zubeda akapiga ukelele. "We dada, una wazimu? Hiyo ni sahani yake!"

"Naiona, wifi. Ndiyo maana nakuomba uniongezee mchicha."

Zubeda akacheka mpaka akapaliwa. Kesho yake akaenda hospitalini, na alipoambiwa lazima asukwe twende kilioni, akauliza, "Kumbe hata kaburi mmekwisha kuchimba?" Wagonjwa wengine walipomwona anatoka mzima, wakafuata.

Tatu, kofia ilikuwepo, kichwa kilikuwepo, nafuu haikuwepo. Wiki zikapita na Zubeda akianguka vilevile. Profesa alikwisha kuanza kuandika kwamba jaribio limeshindwa, Eliamani alipoomba kuitazama upya michoro ya mawimbi ya ubongo. Akaitazama mpaka akaona kwamba dhoruba iliyotamba upande wa kulia ilianzia kushoto, kwa mtikisiko mdogo ambao wote waliuruka.

"Profesa," alisema, "tumekuwa tukiumwagia maji moshi. Moto uko upande wa pili."

Wakahamisha sponji, na michoro ya wagonjwa wengine ikakaguliwa vivyo hivyo. Zubeda, aliyekuwa akianguka kila wiki, akapitisha mwezi, akaanguka, akapitisha miwili. Hakupona kabisa, na vidonge vyake hakuviacha. Lakini aliwasha jiko mwenyewe, jambo alilokatazwa tangu augue, akachemsha chai, wala hakuna aliyemnyang'anya kiberiti. Wenzake kadhaa nao wakapata afueni.

Mfadhili akatimiza ahadi yake: jina moja lifike kesho asubuhi, la sivyo kiti kitakwenda nchi nyingine. Profesa akawaita vijana wake, na Zubeda akaalikwa ili ashukuriwe.

"Bila mimi mngewavisha nini?" Sechambo alianza. "Vikapu?"

"Na bila mimi, kaka, kofia yako ungelivisha boga," Mwantumu akamjibu.

"Nyote mlibisha hodi nyumba siyo," akasema Eliamani. "Mimi ndiye niliyewaonyesha mlango."

Profesa akashusha pumzi. "Wanangu, kila mmoja amesema kweli, na hapo ndipo mnaponitesa."

Ndipo Zubeda akasimama. "Profesa, nami nakiomba hicho kiti. Shahada yangu haipungui za hawa. Mkono ukikosea hurudia, ulimi ukikosea huomba radhi, jicho likikosea hutazama tena. Mimi kichwa changu kingeharibika, ningerudia kwa kipi?"

"Lakini mwalimu," Eliamani alisema kwa adabu, "mgonjwa atautafiti ugonjwa wake bila upendeleo?"

"Na aliye mzima, mdogo wangu, atautafiti bila kuujua?"

"Je, ukianguka maabara?" Sechambo akauliza.

"Mtanilaza ubavu, mtaondoa vyenye ncha, mtangoja. Nitaamka na kuendelea na kazi. Si ndivyo mnavyowafundisha watu?"

Mwantumu, aliyeyafundisha hayo nyumba kwa nyumba, akainamisha uso. Kiti bado alikitaka.

Profesa akawatazama wote wanne. "Nendeni mkapumzike," alisema. "Asubuhi mtalisikia jina."

Basi hadhirina, msiniulize mimi lilikuwa jina gani. Mkono uliunda, ulimi ulileta, jicho lilielekeza, kichwa kilijitoa. Pangekosekana kimoja, jiko la Zubeda lingewashwa na mwingine mpaka leo. Je, wewe kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani, na wale watatu ungewaambia nini machoni?

Nami niliulizwa hivyohivyo na mama yangu mdogo, Bi Hadija binti Mshangama, tukichambua maharage, na yakaiva hatujakubaliana.